Maswali ya wasomaji: Mashine ya figo ije nyumbani, lakini nani analipa?

Wiki hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja. Tuligusia kidogo habari ya wagonjwa wa figo wanaojisafisha damu (ndiyo dayalisisi) wakiwa kwao nyumbani, basi simu na meseji hazijakatika, Mwanza, Sengerema, mpaka Ukerewe. Nimechagua tano. Zingine zimefanana na hizi, kwa hiyo kama hujaona ya kwako soma tu, jibu lako limo humu.

Swali: *Mwangaluka dada. Naandika toka Buhongwa. Mama yangu anafanya dayalisisi mara tatu kwa wiki, bima anayo kupitia kazi ya kaka. Tunatoka nyumbani alfajiri kabla daladala hazijajaa, anakaa kwenye mashine masaa manne, tukirudi kaisha kabisa hata uji hataki. Nimeona video mtu wa Marekani mashine iko chumbani kwake, inachukua maji ya bomba inayachuja yenyewe, anajiunganisha usiku mke wake anaangalia tu. Nikamuuliza nesi akaniambia mashine zipo duniani ila bima hailipi. Sasa dada mi nauliza, bima inalipa hospitali kila wiki, mwaka mzima, tena maisha yote. Si wanunue tu mashine moja wampe mama yaishe?*

Jibu: Mwangaluka mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani maana hilohilo limewasumbua wenye hela nyingi kuliko sisi kwa miaka hamsini sasa.

Anzia hapa. Bima nyingi zinalipa dayalisisi kwa kila mara mgonjwa anapokaa kwenye kiti. Kakaa, hospitali inaandika fomu, inalipwa. Hajakaa, hakuna hela. Sasa jiulize hospitali ambayo imeshanunua mashine, imeshafunga mtambo wa kuchuja maji, imeajiri manesi, ina faida gani kumfundisha mama yako ajitegemee nyumbani ili kile kiti kibaki wazi? Sio kwamba ni watu wabaya, hapana, ndivyo hela ilivyopangwa kutembea, na matibabu yanaifuata hela.

Marekani wenyewe ni ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 dayalisisi ilikuwa ghali na viti vichache, kwa hiyo kama asilimia 40 ya wagonjwa wao walikuwa wanajisafisha nyumbani, na mashine za wakati ule zilikuwa kubwa mno kweli, sio hizi za kuingia chumbani. Mwaka 1972 wakapitisha sheria kwamba serikali kupitia Medicare, bima yake ya afya, itamlipia karibu kila mgonjwa ambaye figo zimekufa kabisa, malipo yakaanza Julai 1973. Jambo jema mno, watu wangapi wamepona kifo. Lakini malipo yale yaliufanya ufunguzi wa vituo kuwa biashara ya uhakika, vituo vikaota kila kona, na wa nyumbani wakapungua miaka na miaka mpaka wakawa chini ya mmoja kati ya kumi. Teknolojia haikurudi nyuma hata siku moja, ilikuwa inazidi kuwa nzuri huku watu wanaondoka nyumbani wanaenda vituoni. Hapo ndipo utaona mashine peke yake haitoshi.

Walivyoshtuka wakaanza kurekebisha. Mwaka 2011 wakaweka malipo ya fungu moja, yaani dayalisisi moja bei moja, ndani yake kuna dawa, vipimo, vifaa, kila kitu, na iwe kituoni iwe nyumbani bei ya msingi ni ileile (mwaka 2025 ilikuwa dola 273.82). Kwa kuwa dayalisisi ya tumbo ya nyumbani (inayosafisha kwa maji yanayoingizwa tumboni, ntaieleza mbele) inakula hela kidogo kuliko ya kituoni, vituo vikaona kumbe nyumbani kuna afadhali, wagonjwa wa dayalisisi ya tumbo wakaongezeka. Na kuna nyongeza ya siku za mafunzo, dola 95.60 kwa kila siku ya kumfundisha mgonjwa. Hiyo nyongeza ya mafunzo naipenda kuliko vitu vyote walivyofanya, ntarudi kwake.

Shida ya fungu moja ni kwamba kitu kipya kikitoka kiwandani hakimo ndani ya fungu. Kituo kikinunua mashine mpya ghali kinakula hasara, kwa hiyo hakinunui, na mwenye kiwanda akiona hakuna anayenunua haendelei kubuni. Ndio wakatengeneza nyongeza ya muda kwa vifaa vipya, wanaiita TPNIES. Ilianza kwenye taratibu za mwaka 2020, kisha 2021 wakaipanua ikaingia mashine za dayalisisi za nyumbani. Masharti yake ni kwamba kifaa kiwe kipya kweli, na kionyeshe kwa ushahidi kwamba kinamsaidia mgonjwa zaidi ya vilivyopo, sio kinang'aa tu. Ile ya kwenye video yako inaelekea ni Tablo au ya jamii hiyo, inachuja maji ya bomba na kutengeneza maji ya dawa ya kusafishia damu palepale. Tablo iliruhusiwa kutumika nyumbani Marekani mwaka 2020, na mwaka 2022 ndiyo ikawa mashine ya nyumbani ya kwanza kupewa nyongeza hiyo.

Sasa tupige hesabu maana hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Chukulia mashine ni shilingi milioni 50, nasema mfano tu. Wanaigawa kwa miaka mitano, inakuwa milioni 10 kwa mwaka. Nyongeza inalipa asilimia 65 ya hiyo, milioni 6 na nusu. Na inalipwa miaka miwili tu. Jumla milioni 13 kati ya 50, robo na kidogo, na bado kuna kamakato kadogo wanakaondoa juu yake. Miaka miwili ikiisha mashine inaingia kwenye fungu la kawaida na fungu haliongezwi hata senti. Hizo milioni 37 kituo kitajua chenyewe. Mimi nasema waziwazi, wazo ni zuri, kipimo ni kidogo mno, ndio maana haikuleta mafuriko ya mashine majumbani.

Rais Trump mwaka 2019 alisaini agizo, na serikali yake ikaweka lengo kwamba ikifika 2025 asilimia 80 ya wagonjwa wapya wa figo wawe wanatibiwa nyumbani au wamepandikizwa. Hawakufika, hata karibu hawakufika. Wakajaribu pia kuanzia 2021 kuwapa vituo na madaktari wa maeneo fulani bonasi kwa kila mgonjwa wa nyumbani, waliotathmini hawakuona tofauti kubwa na maeneo yasiyopewa, mpango ukafungwa mwisho wa 2025. Bonasi ya asilimia mbili tatu haimpati nesi wa kufundisha, na haimpi ndugu wa mgonjwa muda wa kukaa naye.

Kwa hiyo mdogo wangu jibu la "wanunue mashine moja yaishe" ni kwamba haiishi. Mashine inahitaji mtu wa kufundisha mama na wewe kwa wiki kadhaa, vifaa vinavyoisha kila mara, fundi ikiharibika usiku, nesi wa kumpigia, na maji. Ukimpa mashine bila hivyo umempa hatari. Lakini upo sahihi kabisa kwenye msingi, kwamba bima ingelipa kwa mwezi, kwa mgonjwa, badala ya kwa kiti, hospitali zingeanza kufikiria nyumbani. Na jamani, mama asikose dayalisisi hata moja kwa kusubiri hayo. Akimaliza anaishiwa nguvu sana, mwambie daktari, kuna vitu vya kurekebisha, kiasi cha maji kinachotolewa, presha, damu, msikubali tu kwamba ndivyo ilivyo.

Swali: *Mimi ni muuguzi hapa mjini, sitaji ninapofanya. Dada unapoongelea mashine nyumbani umewahi kufika Igogo au Mabatini juu kule kwenye mawe? Maji yanapanda kwa mgao, umeme wa kununua. Bima ikilipa mashine, bili ya maji na LUKU analipa nani?*

Jibu: Nimefika, na umegonga ukuta wenyewe.

Dayalisisi ya damu ya kawaida inapitisha kama nusu lita ya maji ya dawa kila dakika. Masaa manne ni lita 120, na hayo ni yale yaliyokwishachujwa, mtambo unapochuja unamwaga mengine, kwa hiyo unavuta mengi zaidi toka bombani. Tuko kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na chanzo kipya cha Butimba kimesaidia sana, lakini anayeishi juu kwenye majabali anajua presha ya bomba ikoje saa mbili usiku. Na maji ya dayalisisi sio maji ya kunywa, mgonjwa anakutana na maji mengi sana kwa wiki na yanakutana na damu yake, klorini ikibaki inaharibu chembe za damu, kwa hiyo lazima yapimwe.

Wenzetu waliofanikiwa hawakumwachia mgonjwa bili. Uingereza utaratibu ni kwamba anayefanya dayalisisi ya damu nyumbani arudishiwe gharama za ziada za umeme na maji. Jimbo la Victoria kule Australia linawapa wagonjwa wa nyumbani malipo kwa ajili ya hayohayo. Sijaona nchi iliyofanikiwa nyumbani huku familia inabebeshwa kila kitu, maana hapo serikali inakuwa imehamisha gharama toka hospitali kwenda mfukoni kwa maskini halafu inaita ni maendeleo.

Ndio maana kwa Mwanza mimi nisingeanza na mashine ya damu. Ningeanza na dayalisisi ya tumbo. Kwa ambao hawaijui: daktari anaweka mrija laini tumboni, katheta, unabaki hapo. Mgonjwa anaingiza maji maalumu yenye glukosi, kwa kawaida lita mbili, yanakaa masaa kadhaa, uchafu wa damu unapita kwenye utando wa tumbo kuingia kwenye yale maji, anayatoa anaweka mengine. Mara nne kwa siku kwa kawaida. Haihitaji umeme, haihitaji bomba la presha, yanakuja yameshatengenezwa kwenye mfuko. Mafunzo wiki moja mbili. Hatari yake kubwa ni maambukizi ya tumbo ukiunganisha mrija na mikono michafu, na sio kila mtu anafaa, aliyepasuliwa tumbo mara nyingi au mwenye ngiri inabidi achunguzwe vizuri. Shirika la Afya Duniani limeyaweka maji hayo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Na sio kitu kigeni kabisa kwetu, hospitali ya KCMC Moshi wameshaitumia kwa wagonjwa ambao figo zimegoma ghafla.

Na hapa ndipo nesi kama wewe unaingia. Ile nyongeza ya mafunzo niliyosema juu, hiyo ndiyo sera ningeinakili kesho asubuhi. Bima imlipe muuguzi kufundisha, imlipe kwenda Igogo kuona kama kuna mahali pa kunawa na pa kutunzia maboksi, imlipe kupokea simu usiku. Kazi hiyo leo ukiifanya unaifanya kwa huruma yako.

Swali: *Ninyi mnaongelea bima bima. Mimi nipo Sengerema, mvuvi, bima sina, shemeji yangu tulimchangia kwenye grupu mpaka watu wakaanza kutoka kwenye grupu. Daraja limerahisisha njia kweli ila hela ya kila wiki haipo. Sisi tunaingia wapi?*

Jibu: Kaka yangu pole, na wala sitakupamba maneno. Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko tangu 2025, halijaondoa bei.

Kuna mambo mawili. La leo: muende dawati la ustawi wa jamii pale hospitalini anapotibiwa, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kabla deni halijawa kubwa. Wengi wanaenda mwishoni wakiwa wameshauza mtumbwi. La kesho: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023 na ndani yake kuna mfuko kwa ajili ya wasio na uwezo. Swali la kumuuliza mbunge wako sio "lini" peke yake, muulize kifurushi kina dayalisisi au hakina, na kama inayo, ni ya kiti tu au na ya nyumbani pia. Wakiandika ya kiti tu, mtu wa Sengerema ataendelea kulipa nauli mpaka kufa.

Thailand waliipitia njia hii. Bima yao ya wananchi wote haikuwa inalipia dayalisisi kabisa. Mwaka 2008 wakasema sasa tunalipia, ila unaanza na ya tumbo nyumbani, na maji serikali inanunua kwa pamoja kwa bei ya jumla yanapelekwa mpaka mlangoni. Watu wa vijijini kabisa wakapata matibabu ambayo walikuwa wanakufa kwa kuyakosa. Mwaka 2022 wakafungua, kila mtu achague anachotaka, wengi wakakimbilia vituoni, gharama zikapanda vibaya, na 2025 wakarudi kwenye ya tumbo kwanza. Hong Kong wanafuata tumbo kwanza tangu 1985 na wengi wa wagonjwa wao wako nyumbani. Mimi sipendi mgonjwa alazimishwe, nasema wazi, lakini kati ya kulazimishwa kuanza na ya tumbo na kutokuwa na kitu chochote, shemeji yako angechagua nini unajua.

Swali: *Mstaafu, Kirumba. Binti yangu mimi nimefanya kazi za manunuzi ya serikali, nikisikia "malipo ya kuhamasisha teknolojia mpya" nashika mfuko. Hizo hela si zitaishia kwa wauza mashine, halafu mashine zinakaa stoo na nailoni juu?*

Jibu: Shikamoo mzee. Hofu yako ni ya haki, na wale wa Medicare walikuwa nayo ndio maana wakaweka sharti la ushahidi na ukomo wa miaka miwili. Kuna vifaa waliomba wakanyimwa.

Mimi ningeongeza vyangu. Bima isinunue mashine, ilipie mgonjwa aliyeko nyumbani akiwa mzima. Yaani hela itoke kwa mwezi, kwa kila mgonjwa ambaye kweli anatumia, na mwenye mashine aikodishe pamoja na fundi wake. Ikikaa stoo hakuna malipo, muuzaji mwenyewe atakuja kuuliza kwa nini haitumiki. Pili ukomo uwe mrefu kidogo, miaka miwili haitoshi hata kufundisha manesi, lakini uwepo, na bei ishuke kila mwaka. Tatu, kila kituo kitangaze wagonjwa wake wa nyumbani wangapi wamepata maambukizi na wangapi wamerudi kwenye kiti. Bila hiyo namba hakuna wa kujua kama nyongeza inafanya kazi.

Na kuna jambo bima zetu zingejifunza toka mvutano wa Machi 2024, mzee utaukumbuka, NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) walipoleta bei mpya na hospitali binafsi zikagoma kupokea kadi kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa dayalisisi hana siku kadhaa. Bei ya matibabu ya nyumbani ipangwe na wanaotoa huduma mezani, kabla, sio watangaziwe.

Swali: *Niko Nansio, Ukerewe. Baba ameambiwa huenda akafaa ya tumbo. Maji hayo yatafikaje huku na tutayaweka wapi? Na chakula je?*

Jibu: Hesabu yako ni hii. Lita mbili mara nne ni lita 8 kwa siku, mwezi lita 240, ukiweka na mifuko na maboksi ni zaidi ya kilo 240. Haibebwi na bodaboda, itakuja kwa meli au kuzungukia Kisorya kwa kivuko, na inabidi ije kabla ya ile ya mwezi uliopita haijaisha kwa sababu ziwa likichafuka au chombo kikiharibika baba hawezi kusubiri. Weka akiba ya wiki mbili ndani siku zote. Mwaka 2024 kimbunga Helene kiliharibu kiwanda cha Baxter North Carolina na Marekani nzima wakaanza kugawiwa maji haya kwa mgao, sasa kama wao walitikisika na sisi tunayaagiza toka mbali, akiba sio hiari.

Chumba kiwe kikavu, maboksi yasiguse sakafu, jua lisipige, panya wasifike. Mahali pa kubadilishia pafungwe dirisha na feni izimwe wakati wa kuunganisha, mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, barakoa usoni. Maji yanayotoka tumboni yakiwa na ukungu badala ya kuwa angavu, au tumbo likiuma, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo na ule mfuko mkononi, usiumwage.

Chakula, ya tumbo inapoteza protini, kwa hiyo mara nyingi wanaruhusiwa samaki na mayai zaidi kuliko wa kwenye kiti, sato wa kuchemsha yupo huko kwenu. Dagaa wa chumvi waepukeni. Glukosi ya kwenye maji inapandisha sukari, kama baba ana kisukari sema mapema dozi ipangwe upya.

Kabla hamjakubali mrija uwekwe, muulizeni daktari na mtu wa bima, wote wawili, ikiwezekana kwa maandishi: nani analipia maji kwa mwezi, nani analipia kuyafikisha Nansio, nani tutampigia saa nane usiku, na maji yakikosekana baba anapokelewa wapi kwa kiti cha dharura. Wakiwajibu yote manne, endeleeni. Wakikwama kwenye la pili, niandikie tena, nitalipeleka mbele kwenye safu hii mpaka lijibiwe.